Phil Ochs: Mwanahabari wa nyimbo aliyepotezea sauti Dar es Salaam

MNAMO mwaka wa 1973, mwanamuziki wa Kimarekani aliyekuwa na umri wa miaka 32 alirekodi santuri ndogo ya nyimbo mbili jijini Nairobi. Aliandamana na kundi la rumba lililojiita Pan African Ngembo Rumba Band. Upande mmoja aliimba kwa Kilingala na upande wa pili kwa Kiswahili, lugha ambazo hakuzaliwa nazo wala hakuwa amezisomea.

Jina lake lilikuwa Phil Ochs. Kwao Marekani alikuwa amewahi kuujaza ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York akiwa peke yake na gitaa lake. Alikuwa amewatumbuiza wachimba migodi waliogoma, wanafunzi waliokataa vita na watetezi wa haki za watu weusi. Lakini alipozuru Afrika Mashariki, kalamu yake ilikuwa imeanza kukauka na moyo wake ulikuwa umelemewa na mengi.

Katika safari iyo hiyo, majambazi walimvamia usiku jijini Dar es Salaam na kumkaba koo. Alinusurika kifo, ila kamba za sauti zilijeruhiwa na noti tatu za juu kabisa za sauti yake hazikurudi tena. Kwa mtu ambaye mali yake yote ilikuwa ni koo na gitaa, hilo lilikuwa pigo kubwa mno.

Ndiyo sababu albamu yake ya kwanza ya mwaka wa 1964, pamoja na nyimbo za gitaa tupu zilizokuja kutolewa miaka mingi baada ya kifo chake, ni hazina kwa wapenzi wa muziki wake. Humo ndimo ilimohifadhiwa sauti ile ikiwa bado nzima.

Malezi

Philip David Ochs alizaliwa Desemba 19, 1940 mjini El Paso, katika jimbo la Texas. Baba yake, Jacob, alikuwa daktari mzaliwa wa New York. Mama yake, Gertrude, alitoka Scotland, nako ndiko wawili hao walikokutana wakati Jacob alipokuwa akisomea udaktari. Phil alikuwa mtoto wa pili. Dada yake Sonia, aliyejulikana zaidi kama Sonny, alimtangulia, na kaka yake Michael akawa kitinda mimba.

Vita vya Pili vya Dunia viliiachia familia hiyo kovu. Jacob aliitwa jeshini na kupelekwa Ulaya kuwatibu askari waliojeruhiwa. Aliporejea nyumbani akili yake haikuwa na utulivu tena. Alilazwa hospitalini kwa muda mrefu, na hata alipotoka hakuweza kujenga jina katika kazi yake. Familia ikawa ya kuhamahama, kutoka mji mmoja hadi mwingine katika majimbo ya New York na Ohio, kila baba alikopata ajira.

Phil alikua akiwa mtoto mkimya aliyependa mno sinema. Mashujaa wa filamu za wachunga ng'ombe na wanajeshi ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza wa ujasiri. Shuleni alionyesha kipaji kikubwa cha kupuliza klarineti, na kabla ya kutimiza miaka 16 tayari alikuwa akipiga ala hiyo kama msanii wa mbele katika okestra ya chuo cha muziki mjini Columbus, Ohio. Baadaye alipelekwa katika shule ya bweni ya kijeshi jimboni Virginia. Kijana aliyekuja kuimba dhidi ya vita alijifunza kwanza kupiga kwata.

Baada ya hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Masomo hayakumkolea mapema. Aliyaacha kwa muda na kwenda Florida kutafuta bahati yake ya uimbaji, lakini alichokipata ni kifungo cha siku 15 kwa kosa la uzururaji, baada ya kukutwa amelala nje usiku. Akiwa ndani alikata shauri kwamba angekuwa mwandishi. Alipotoka alirudi chuoni kusomea uanahabari.

Gitaa la dau

Chuoni alikutana na mwanafunzi mwenzake, Jim Glover, ambaye ndiye aliyembadilisha mwelekeo. Glover alimfunza kupiga gitaa na kumsikilizisha nyimbo za Woody Guthrie na Pete Seeger, watunzi waliochukua muziki wa kienyeji wa Marekani na kuufanya sauti ya wafanyakazi na wanyonge. Babake Glover naye alimfungua macho kuhusu siasa.

Inasimuliwa kuwa gitaa la kwanza la Ochs lilitokana na dau. Katika uchaguzi wa urais wa 1960, Glover aliamini kwamba Richard Nixon angeshinda, naye Ochs akamuunga mkono John F. Kennedy. Kennedy aliposhinda, gitaa lilibadilisha mwenyewe. Wawili hao waliunda kundi dogo na kuanza kutumbuiza.

Wakati huo huo Ochs aliandikia gazeti la wanafunzi. Alitarajia kuteuliwa mhariri mkuu, lakini makala yake makali ya kisiasa yaliwatisha wakubwa, na cheo hicho kikampita. Kwa hasira aliondoka chuoni mwaka wa 1962 akiwa amebakisha muhula mmoja tu kupata shahada yake. Alielekea New York, katika mtaa wa Greenwich Village, ambako vijana wenye magitaa walikuwa wamejaa kwenye mikahawa. Mmoja wao alikuwa Bob Dylan.

Uamuzi huo ndio ufunguo wa kumwelewa Ochs. Hakuacha uanahabari ili awe mwimbaji. Aliubeba uanahabari wake wote na kuutia ndani ya nyimbo. Alisoma magazeti na majarida kila siku, akachagua habari iliyomkera au kumhuzunisha, akaitungia wimbo. Wengine walipokuwa wakiimba mapenzi, yeye aliimba taarifa za siku hiyo. Nyimbo hizo zilichapishwa katika Broadside, kijarida kidogo cha New York kilichowapa nafasi watunzi wapya, na mwaka wa 1963 akaalikwa kwenye tamasha la muziki la Newport, jukwaa lililoheshimiwa kuliko yote miongoni mwa waimbaji wa aina yake.

Albamu iliyosomeka kama gazeti

Mwaka wa 1964 kampuni ya Elektra ilitoa albamu yake ya kwanza, 'All the News That's Fit to Sing'. Jina hilo lilikuwa mzaha juu ya kaulimbiu ya gazeti la New York Times: badala ya habari zinazofaa kuchapishwa, hizi zilikuwa habari zinazofaa kuimbwa. Ala zilikuwa chache. Ochs aliimba na kupiga gitaa lisilotumia umeme, akisaidiwa na gitaa la pili la Danny Kalb.

Anayeisikiliza albamu hiyo huwa kama anayefungua gazeti la mwaka wa 1963. Kuna wimbo kuhusu Thresher, nyambizi ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyozama Aprili mwaka huo na kuua watu wote 129 waliokuwemo. Kuna wimbo kuhusu Lou Marsh, mfanyakazi wa vijana aliyeuawa New York akijaribu kuzuia magenge yasipigane. Kuna mwingine unaomtetea William Worthy, mwanahabari mweusi aliyeshtakiwa kwa kurudi nyumbani kutoka Cuba bila pasipoti halali.

Upo pia wimbo wa kumlilia Medgar Evers, mtetezi wa haki za watu weusi aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake huko Jackson, Mississippi, Juni 12, 1963. Wakenya wana sababu ya pekee ya kumkumbuka Evers. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka wa 1953, alimpa jina la Kenyatta kwa heshima ya Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imemtia nguvuni.

Lakini jambo linalowashangaza wengi hadi leo ni kwamba albamu hiyo ina wimbo kuhusu Vietnam. Rais Lyndon Johnson hakutuma vikosi vya mapigano vya nchi kavu huko hadi mwaka wa 1965. Wakati Wamarekani wengi walipokuwa hata hawajui nchi hiyo iko wapi, Ochs alikuwa tayari anaikejeli sera ya serikali yao. Aliiona moto ukingali moshi.

Nyimbo za aina hii zina hatari yake. Habari ya leo kesho huwa imechakaa, na wakosoaji wengine walimwona Ochs kama mpiga kelele ambaye mashairi yake hayangeishi kuliko gazeti lililoyazaa. Inasimuliwa kwamba Dylan, ambaye Ochs alimhusudu na kumheshimu kuliko mtunzi mwingine yeyote, aliwahi kumfukuza kutoka kwenye gari baada ya Ochs kuukosoa wimbo wake mmoja, akimwambia kuwa hakuwa mwimbaji wa muziki wa kienyeji bali mwanahabari tu. Neno ambalo Ochs alilivaa kama nishani liligeuzwa kuwa tusi.

Kilele cha ufanisi

Mwaka wa 1965 alitoa albamu ya pili, 'I Ain't Marching Anymore'. Wimbo uliobeba jina hilo, wa askari aliyechoka kupigana vita vya vizazi vyote, ukawa wimbo wa maandamano dhidi ya vita kote Marekani. Mwaka uo huo wimbo wake 'There but for Fortune', ulioimbwa na Joan Baez, uliingia miongoni mwa nyimbo kumi bora nchini Uingereza. Januari 1966 Ochs alitumbuiza peke yake Carnegie Hall, na tiketi zote zikanunuliwa.

Hakuwa mwimbaji wa kukaa mbali na yale aliyoyaimba. Alikwenda Hazard, Kentucky, kuwaunga mkono wachimba makaa waliogoma. Mwaka wa 1964 alikwenda Mississippi wakati wanaharakati walipokuwa wakiandikisha watu weusi kupiga kura, kipindi ambapo vijana watatu wa kampeni hiyo waliuawa. Aliitikia mialiko mingi ya bure, mara nyingine kuliko ile ya malipo.

Mnamo 1967 alihamia kampuni ya A&M na makao yake yakawa California. Muziki wake nao ulibadilika. Albamu ya 'Pleasures of the Harbor' ilikuwa na piano, fidla na okestra nzima. Baadhi ya mashabiki waliikumbatia, wengine wakalilia gitaa lile la zamani. Mauzo hayakuwahi kufikia matarajio yake, kwani Ochs, pamoja na itikadi zake zote, alitamani pia kuwa nyota mkubwa. Mvutano huo kati ya mwanaharakati na mtafuta umaarufu ulimtesa maisha yake yote.

Chicago

Mwaka wa 1968 ulimvunja. Aprili aliuawa Martin Luther King, na Juni akauawa Robert Kennedy. Agosti, Ochs alikuwa Chicago pamoja na maelfu ya vijana waliokwenda kupinga vita wakati wa kongamano la chama cha Democratic. Yeye na wenzake walinunua nguruwe na kumtangaza kuwa mgombea wao wa urais. Polisi waliwakamata wote, nguruwe akiwemo.

Mzaha huo uliishia hapo. Siku zilizofuata polisi waliwatandika waandamanaji kwa virungu mbele ya kamera za televisheni. Viongozi wa maandamano waliposhtakiwa, Ochs aliitwa kutoa ushahidi mwaka wa 1969. Hakimu hakumruhusu kuuimba mahakamani wimbo alioutumbuiza kwenye mkutano wa waandamanaji, kwa hivyo aliyatamka tu maneno yake.

Albamu aliyoitoa mwaka huo ilikuwa na picha ya jiwe la kaburi kwenye jalada lake, likiwa na jina lake na maelezo kwamba alifia Chicago mnamo 1968. Watu walidhani ni utani.

Machi 1970 alipanda tena jukwaa la Carnegie Hall akiwa amevalia suti ya dhahabu mfano wa zile za Elvis Presley. Aliamini kwamba Marekani ingebadilika tu iwapo ingempata mtu anayemchanganya Elvis na mwanamapinduzi Che Guevara. Mashabiki waliokwenda kusikiliza nyimbo za vita na haki walimzomea, ingawa wengine walimshangilia kabla ya usiku kwisha. Baada ya albamu ya mwaka huo hakutoa tena albamu nyingine ya nyimbo mpya.

Safari

Nyimbo zilipogoma kumjia, alianza kusafiri. Mwaka wa 1971 alikwenda Chile kujionea serikali ya Rais Salvador Allende, iliyoingia madarakani kwa kura. Huko alikutana na Victor Jara, mwimbaji wa kienyeji aliyependwa na wafanyakazi wa nchi hiyo, na wawili hao wakaimba pamoja. Mwaka wa 1972 alizuru Australia.

Kisha likaja bara la Afrika mnamo 1973. Alipita Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Nyimbo alizorekodi Nairobi zilitangulia kwa miaka 13 albamu ya 'Graceland' ya Paul Simon, ambayo ndiyo husifiwa kwa kuwakutanisha wanamuziki wa Marekani na midundo ya Afrika. Santuri ya Ochs ilitolewa humu nchini na haikumletea umaarufu wowote kwao. Leo ni adimu.

Shambulio la Dar es Salaam lilimwachia jeraha la koo na la akili. Alishuku kwamba huenda waliomkaba walitumwa na majasusi wa Marekani. Hakuna kilichowahi kuthibitisha shaka hiyo, lakini haikuwa ndoto tupu kwamba serikali ilimwandama: faili lake katika idara ya upelelezi ya FBI lilikuwa na karibu kurasa 500.

Septemba 11 mwaka uo huo jeshi la Chile lilipindua serikali. Allende alifariki, na Jara akateswa na kuuawa siku chache baadaye. Habari hizo zilimchoma Ochs. Mei 9, 1974 aliandaa tamasha mjini New York kwa ajili ya wahanga wa Chile. Tiketi zilikuwa hazinunuliwi hadi alipomshawishi Dylan ashiriki, na mara ukumbi ukajaa.

Mwisho wa vita, mwisho wa mwimbaji

Vita vya Vietnam vilikoma Aprili 1975. Mei 11 Ochs alisaidia kuandaa mkutano wa kusherehekea katika bustani ya Central Park mjini New York. Takriban watu 100,000 walihudhuria, na miongoni mwa waimbaji walikuwemo Harry Belafonte, Odetta, Pete Seeger na Joan Baez. Ochs alipata kuuimba wimbo aliokuwa ameutunga miaka mingi kabla, wa kutangaza kwamba vita vimekwisha, wakati huu ukiwa kweli.

Ila ushindi huo ulimwacha mtupu. Ugonjwa wa akili uliomsumbua baba yake sasa ulimkamata naye, ukiongezewa makali na pombe. Katikati ya mwaka wa 1975 alianza kujiita John Butler Train, akadai kwamba mtu huyo alikuwa amemuua Phil Ochs. Alitembea na silaha, akagombana na marafiki na kulala mitaani. Ndugu zake walijaribu kumtafutia matibabu bila mafanikio.

Hali ile ilipopoa, mapema mwaka wa 1976, alikwenda kuishi na dada yake Sonny katika mtaa wa Far Rockaway. Alicheza karata na watoto wa dada yake na kutazama televisheni. Hakuandika wala hakuimba. Aprili 9, 1976 alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 35. Aliacha binti mmoja kutoka kwa ndoa iliyokuwa imevunjika zamani. Wiki chache baadaye mbunge Bella Abzug alimkumbuka rasmi katika Bunge la Marekani.

Sauti inarudi

Kaka yake Michael, ambaye aliwahi kuwa meneja wake, hakuiacha kazi hiyo ipotee. Mkusanyiko wa kwanza ulitoka mwaka uo huo wa kifo chake. Mwaka wa 1986 ilitolewa 'A Toast to Those Who Are Gone', yenye nyimbo za miaka ya mwanzo ambazo hazikuwa zimetoka. Mwaka wa 1989 zikafuata kanda zilizorekodiwa kwa ajili ya kijarida cha Broadside, Ochs akiwa na gitaa lake tu mbele ya kinasa sauti.

Nayo albamu ile ya 1964 ilipotolewa upya katika diski, iliongezewa wimbo ulioachwa nje hapo awali. Unahusu Rubén Jaramillo, kiongozi wa wakulima wa Mexico aliyeuawa mwaka wa 1962. Kwa kuuongeza wimbo huo, ukurasa mmoja uliokosekana ulirudishwa katika gazeti lake la kwanza.

Kwa wanaozisikiliza leo, rekodi hizi zina faida mbili. Kwanza, zinaonyesha jinsi kijana wa miaka ishirini na kidogo alivyofanya kazi: haraka, bila mapambo, habari ikiwa bado moto. Nyingine kati ya nyimbo hizo zimezeeka, na anayezisikia hulazimika kuuliza ni nani aliyetajwa. Nyingine hazijazeeka hata kidogo, kwa kuwa vita na dhuluma hazijakoma. Mnamo 2016 Lady Gaga alitumbuiza wimbo wake wa kumaliza vita mbele ya mashabiki ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa Ochs alipofariki.

Faida ya pili ni sauti yenyewe. Ni nyembamba, nyororo na yenye kupanda bila kusitasita hadi zile noti za juu ambazo usiku mmoja wa Dar es Salaam ulikuja kuzichukua. Katika albamu ya 1964 bado ziko zote.